Safari ya Melton Mowbray, Mji wa Wauguzi wa Farasi

Katika ofisi ya mifugo ninakofanya kazi, mimi ndimi niandikaye vibali vya kuhamisha ng'ombe, nipokeaye taarifa za karantini, na nihesabuye chupa za chanjo zitokazo stoo. Basi nilipopelekwa Uingereza mwaka uliopita, kwa mafunzo ya majuma sita juu ya utunzaji wa majalada, wenzangu waliniagiza niwaletee habari za London, za madaraja yake na za jumba la Mfalme. London niliiona, nami nitawasimulia wakitaka. Lakini tangu siku niliyopewa tikiti ya ndege moyo wangu ulikuwa na haja nyingine: kuuona mji mdogo wa Melton Mowbray, na kuwajua watu wa mashamba ambao katika Vita Kuu ya kwanza walikuwa askari, wala kazi yao haikuwa kupiga bunduki bali kuuguza farasi. Haja hiyo ilikuwa na sababu, nami nitaieleza mahali pake.

Mafunzo yetu yalikuwa katika mji wa Leicester, na Melton haiko mbali kwa gari la moshi. Nchi yenyewe ni ya vilima vya chini vilivyofunikwa kwa majani mabichi, na kila shamba limezungushiwa ua wa miti ya miiba. Mkulima wa Kinangop akishushwa huko usiku, asubuhi ataona kondoo na ukungu na kudhani yuko kwao, mpaka atafute shamba la mahindi asilione.

Nilikwenda Jumanne makusudi, maana Jumanne ndiyo siku ya mnada wa mifugo. Kwa aibu yangu, mimi niliyefaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama nzuri, sikuweza kushika hata maneno matatu ya dalali. Alikuwa akisema kama mtu anayemwaga mbaazi katika karai. Wakulima waliokuwa wakinunua hawakusema neno; mmoja alikunja jicho, mwingine aliinua kidole, na ng'ombe akawa ameuzwa. Nje ya mnada wanauza jibini iitwayo Stilton na pai za nyama ya nguruwe, ambazo ndizo zilizoupa mji huo jina. Kuna mto mwembamba uitwao Eye, na kanisa kubwa la Mtakatifu Maria ambalo mnara wake huonekana kutoka mbali.

Lakini kabla ya pai kujulikana sana, Melton ilikuwa mji wa farasi. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili mabwana wakubwa walikuja huko kila majira ya baridi kuwinda mbweha, wakipanda farasi wa thamani na kuruka nyua zile za miiba. Bwana mmoja mwenye farasi kumi alihitaji masaisi, wahunzi wa kupiga vyuma vya kwato, watengenezaji wa matandiko, na wakulima wa kuleta nyasi kavu. Hivyo vijiji vyote vya pembeni vilikuwa na watu wasiosoma sana vitabuni, lakini wakiusoma mwili wa farasi kama karani asomavyo barua. Huweka kiganja juu ya mguu na kujua kama una joto la ugonjwa. Hulaza sikio ubavuni na kusikia kama tumbo linatembea au limesokota. Huinua kwato na kunusa, na harufu huwaambia kama ndani imeoza.

Jeshi liliijua hazina hiyo, nalo likaweka kituo chake cha farasi hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baada ya vita vya pili vya dunia makao ya kikosi cha waganga wa wanyama yakahamishiwa huko, na hata leo farasi na mbwa wa jeshi la Uingereza hufundishwa Melton. Nilipofika langoni askari wa zamu alinijibu kwa adabu kwamba haiwezekani kuingia bila barua. Mimi mwenyewe ni mtu wa vibali, kwa hiyo sikuweza kunung'unika. Nilisimama kando ya uzio nikawatazama farasi wanne wakila, kisha nikarudi mnadani.

Huko ndiko nilikokutana na mwenyeji wangu, mzee aliyepita miaka themanini, aliyekuja, kama alivyosema, si kununua wala kuuza bali kuona kama bei zimeharibika zaidi. Tuliketi benchi moja. Aliponiuliza natafuta nini nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akasema baba wa mama yake alikuwa mtu wa jembe la farasi katika kijiji cha maili chache kutoka hapo, na miaka mitatu ya vita aliimaliza katika hospitali ya farasi huko Ufaransa. Akanichukua kwa motokaa yake kuukuu, tukaenda.

Ni lazima nieleze kidogo asili ya kikosi hicho, kwa sababu hakikuzaliwa kwa sifa bali kwa fedheha. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, tangu 1899 hata 1902, farasi zaidi ya 326,000 wa jeshi la Uingereza walikufa, pamoja na nyumbu, yaani baghala, zaidi ya 51,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa njaa, kwa uchovu, kwa ugonjwa wa glandasi ulioenea kambini, na kwa sababu walipandwa siku waliyoshuka melini hali bado miguu yao inatetemeka kwa safari ya bahari. Waganga walikuwa wachache, na chini yao hakukuwa na askari waliofunzwa kuuguza. Kwa hiyo mwaka 1903 wakaanza kuandikwa askari wa kazi hiyo peke yake, na miaka mitatu baadaye maafisa na askari wakawa kikosi kimoja.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, jeshi lilikuwa na farasi kama 25,000 tu. Katika muda wa majuma mawili hivi likachukua zaidi ya 100,000 wengine, wa magari ya mizigo mijini, wa mabwana wawindaji, na wa jembe. Maafisa walikuja vijijini wakati wa mavuno, wakawapanga farasi barabarani, wakamtazama kila mmoja meno na miguu, wakaandika hundi. Mkulima hakuulizwa kama anapenda kuuza. Mwenyeji wangu alisema babu yake alikuwa akiwaendesha farasi wawili ambao hawakuwa mali yake, lakini yeye ndiye aliyewazoeza tangu udogo wao. Wote wawili wakaenda siku moja. Mwaka uliofuata naye akaenda, akaomba kazi ya farasi. Alidhani labda atawakuta, jambo ambalo kila mtu kijijini alimcheka kwalo.

Jeshi liliwataka sana watu wa namna yake. Hata waliopita umri wa kubeba bunduki walipokelewa, ikiwa tu wameishi na farasi. Kikosi ambacho kabla ya vita askari wake hawakufikia 1,000 kilipata zaidi ya 40,000 kabla vita havijaisha. Makao yao yalikuwa Woolwich, karibu na London, na kutoka hapo walivuka bahari kwenda Ufaransa, Misri, Salonika na Mesopotamia.

Kazi yao ilikuwa hivi. Karibu na mstari wa vita kulikuwa na vikosi vidogo vya kutembea, afisa mmoja na askari wasiozidi thelathini, ambao waliwakusanya farasi walioumia au kudhoofika. Aliyeweza kupona alifungwa jeraha na kupelekwa nyuma kwa miguu, kwa gari la moshi, na pengine kwa mashua pana katika mifereji, kwani njia ya maji haimtikisi mgonjwa. Asiyeweza kupona alipigwa bastola hapo hapo. Nyuma, katika miji kama Rouen, Abbeville na Forges-les-Eaux, kulikuwa na hospitali ambazo kila moja iliweza kuwapokea farasi 1,000 na baadaye 2,000. Zilikuwa na vyumba vya kupasulia, mahali pa wenye magonjwa ya kuambukiza, na majosho. Naam, majosho, kama tuliyo nayo sisi kwa ajili ya kupe, ila yale yalikuwa ya kuua upele, na maji yake yalitiwa dawa ya kiberiti na kupashwa moto. Upele wa farasi uliwasumbua kuliko mabomu. Humfanya mnyama kujikuna mpaka atoke damu, asile, akonde, na huenea kutoka kwa mmoja hadi mia.

Nilipendezwa hasa na habari ya misumari. Wapishi wa jeshi walikuwa wakichoma mbao za masanduku ya chakula jikoni mwao, na misumari ilibaki katika majivu, ikamwagwa njiani. Farasi wengi wakaikanyaga ikapenya kwato, nao wakawa vilema. Askari wa wanyama walizunguka wakiokota misumari, na amri ziliandikwa juu ya majivu. Msomaji aliyewahi kuandika taarifa kwamba ng'ombe wameugua kwa sababu mtu ameacha lango la karantini wazi ataelewa jinsi waraka wa namna hiyo unavyopokewa na wapishi.

Kosa jingine lilikuwa kubwa zaidi. Ili kuzuia upele, farasi walinyolewa manyoya yote, na katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 wengi walikuwa wamenyolewa wakati theluji inaanguka. Chakula pia kilikuwa kimepunguzwa. Aprili 1917, katika mapigano ya Arras, baridi ilirudi kwa ukali, na farasi wakafa kwa wingi wakivuta mizinga katika tope, wakianguka kwa udhaifu tu. Sidhani kulikuwa na mtu wa jembe katika vijiji vya Melton ambaye angemnyoa farasi wake katika mwezi wa baridi na kumlaza nje. Lakini mtu wa jembe ni askari wa cheo cha mwisho, na amri ni amri. Baadaye taratibu za kunyoa zilibadilishwa.

Lakini haki isemwe, kazi yao ilifaulu. Wanyama waliingizwa hospitali mara zaidi ya 2,500,000, na katika kila kumi kama wanane walirudi kazini. Ugonjwa wa glandasi, ambao huua hata watu, ulizuiwa kwa kumpima kila farasi kwa sindano ndogo katika ukope wa jicho. Novemba 1918, majuma mawili tu baada ya vita kukoma, Mfalme akakipa kikosi hicho ruhusa ya kutumia jina lake.

Hayo ni ya vitabuni. Mwenyeji wangu alinieleza yasiyoandikwa. Babu yake alisema kazi ngumu haikuwa jeraha bali kurudisha. Unampokea farasi ambaye ni mifupa, unamwosha, unamlisha kwa mkono, unakaa naye usiku akiwa na tumbo la kusokota, unampa jina ingawa ana nambari kwatoni. Baada ya miezi miwili anapata mwili, anakujua hatua zako, anakulilia ukichelewa na hori la chakula. Ndipo inapokuja karatasi kwamba amepona, na unamfunga hatamu kumpeleka kwenye gari la moshi linalorudi vitani. Wengine walirudi mara tatu. Vijana wenye nguvu katika kikosi nao waliondolewa vivyo hivyo, wakapelekwa kwa askari wa miguu na wa mizinga, na mahali pao wakaletwa watu wenye maradhi au waliojeruhiwa.

Tulisimama katika uwanja wa kanisa la kijiji, mbele ya msalaba wa mawe wenye majina ya waliokufa. Jina la babu yake halimo, kwa kuwa alirudi. Wauguzi wengi wa farasi walirudi, na hiyo ndiyo sababu mtu akipita katika vijiji vile haoni alama yao. Mzee yule alisema babu yake hakupenda kuzungumza habari za vita baa ikiwa na watu. Waliokaa katika mahandaki walikuwa wakimwuliza kama alipata medali kwa kuzoa samadi. Kwa hiyo alinyamaza miaka arobaini, akazungumza na mjukuu wake tu.

Aliporudi hakuwakuta farasi wake wawili, bila shaka. Wengi wa wale waliokuwa Ufaransa waliuzwa huko huko kwa wakulima, na wengine kwa wauza nyama. Makumi ya maelfu tu ndio waliorudishwa kwao. Waliokuwa Misri waliuzwa Cairo, na mwaka 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, aliwakuta baadhi yao, wazee na vipofu, wakivuta mikokoteni ya mawe. Alichanga fedha akawanunua, na mwaka 1934 akafungua hospitali ambayo kazi yake inaendelea mpaka leo. Babu wa mwenyeji wangu alirudia jembe. Kisha trekta likaja, na baada ya vita vya pili bwana wake akauza farasi wote. Akapewa kazi ya kulisha nguruwe.

Sasa nitaeleza ile sababu niliyoiahirisha. Mwaka 1917 baba yake babu yangu alichukuliwa kwa nguvu kuingia katika kikosi cha wapagazi, ambacho wazee wetu walikiita Kariakor, akapelekwa upande wa Kilwa. Alirudi, na bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine mpaka kufa kwake. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza babu yangu kwa nini Wazungu wenye meli na mizinga waliwabebesha watu mizigo. Alinijibu neno moja: mbung'o.

Baadaye, kwa kuwa nimeajiriwa katika kazi ya mifugo, nilikuja kufahamu jinsi jibu lile lilivyokuwa sahihi. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilishuka kutoka Kilimanjaro likiwa na maelfu ya farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa magari. Liliingia katika nchi ya mbung'o, na wanyama wakapata nagana. Waganga wa wanyama walikuwako, wa kutoka Uingereza, Afrika ya Kusini na Bara Hindi, na wa hapa kwetu pia. Waliwapa farasi dawa ya sumu ya aseniki ili wapate nguvu za siku chache tu. Hawakuwa na tiba. Ujuzi wote ule wa Melton, kiganja juu ya mguu na sikio ubavuni, haukufaa kitu mbele ya inzi yule, na wanyama walikufa kwa maelfu kwa mwezi. Mnyama alipoanguka mzigo haukuanguka naye. Ulipandishwa juu ya kichwa cha mtu.

Hayo nilimweleza yule mzee pale penye msalaba, kwa upole, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake. Nilimwambia pia jambo lililonikaa rohoni tangu nilipolisoma. Katika London kuna nyumba iliyofunguliwa mwaka 1932 iwe ya kutibu wanyama, kwa ukumbusho wa wanyama wa vita, na hesabu ya wanyama waliokufa katika utumishi wa Uingereza imeandikwa ukutani: 484,143. Wamehesabiwa mpaka yule wa mwisho. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa walioandikwa ni zaidi ya 40,000, na wanaochunguza mambo hayo wanasema idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali, kwa sababu wengi hawakuandikwa kabisa. Mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao. Mimi ni karani, na katika kazi yetu asiyeandikwa hawezi hata kudaiwa.

Mzee hakunijibu upesi. Alitazama majina ya msalaba kama anayesoma kwa mara ya kwanza, kisha akasema, "Farasi walikuwa na nambari kwatoni. Babu alikuwa akizichoma mwenyewe kwa chuma cha moto." Halafu akanikaribisha chai.

Nyumbani kwake alinionyesha chuma cha kuchokolea kwato, ambacho babu yake alirudi nacho kutoka Ufaransa. Ni kipande kidogo kilichopinda ncha, na mpini wake umelika kwa kidole gumba cha mtu mmoja. Nilikishika. Aliniuliza kama kwetu kuna farasi. Nikamwambia kwetu ni ng'ombe na punda. Akataka kujua punda wetu wanavuta nini, wanalishwa nini, na kama wenyewe huwasafisha kwato au huwaacha. Nikasema kwa aibu kwamba wengi huwaacha, mpaka kwato zirefuke na kupinda. Mzee akachukua karatasi na kalamu akaanza kunichorea jinsi ya kumkata punda kwato, wapi pa kuanzia na wapi pa kuacha kabla ya kufika kwenye nyama, kama alivyofundishwa na babu yake. Gari langu la moshi la mwisho lilikuwa saa tatu kasorobo za usiku, nasi tulilikaribia kulikosa.